Jinsi ya Kushitakiwa na Kampuni Kubwa na Kubaki na Jina Lako

Mwongozo huu ni wa mwenye duka dogo. Ni wa muuza asali wa Soko Kuu la Tabora, fundi cherehani wa Ng'ambo, mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, na kijana anayenunua mchele Igunga na kuuuza kwa simu hadi Dar es Salaam. Kila mmoja wao ana jina la biashara, na wengi sasa wana tovuti au wanafikiria kuwa nayo. Kibao cha dukani husomwa na wapita njia. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, husomwa na dunia nzima, akiwemo mwanasheria wa New York au Tokyo anayelipwa kwa saa kutafuta majina yanayofanana na la bosi wake.

Siku akiliona lako, atakuandikia. Wengi wanaopata barua ya namna hiyo hutetemeka wakaliachia jina, au hukasirika wakajibu kwa matusi. Yote mawili humfurahisha aliyeandika. Hatua zinazofuata zinaonyesha njia ya tatu, na nyingi zimepitiwa na watu waliotutangulia, kwa gharama zao.

Hatua ya 1: Chagua jina unaloweza kulieleza mbele ya hakimu bila kukohoa

Jina zuri ni lile ambalo hata mama yako akiitwa shahidi atalitetea kwa sentensi moja. Jina la ukoo. Jina la kijiji. Jina la kitu unachouza: asali ya Sikonge iitwe asali ya Sikonge.

Uzi Nissan alikuwa na jina la namna hiyo. Alizaliwa Israeli, akahamia Marekani, akafanya biashara Raleigh, katika jimbo la North Carolina. Nissan ni jina la ukoo wake. Alianza kulitumia katika biashara mwaka 1980, wakati Wamarekani walikuwa bado wanayajua magari ya kampuni ya Kijapani ya Nissan kwa jina la Datsun. Mwaka 1991 akafungua kampuni ya kompyuta, na Juni 1994 akasajili nissan.com. Desemba 1999 kampuni ya magari ya Nissan ikamshitaki, ikidai dola milioni 10. Kampuni yenye viwanda kila pembe ya dunia ilimpeleka mtu mahakamani kwa kutumia jina la baba yake! Shauri likaburuzwa kwa takribani miaka minane. Alipofariki mwaka 2020, kikoa kilikuwa bado chake.

Upande wa pili nao usemwe waziwazi. Ukifungua duka la simu, ukachukua jina la kampuni maarufu ya simu na kubadilisha herufi moja, hakuna mwongozo utakaokuokoa, na hustahili kuokolewa. Wapo wanaosajili majina yanayofanana na ya benki ili wawaibie wateja, na sheria za vikoa zilitungwa kwa ajili yao. Kosa linaanzia pale sheria hizo zinapoelekezwa kwa mtu anayeuza bidhaa halisi kwa jina lake halisi.

Hatua ya 2: Sajili kikoa kwa jina lako, si kwa jina la fundi

Biashara nyingi ndogo hupata tovuti kwa njia ile ile. Kijana anayejua kompyuta anakuja, anapewa malipo ya awali, anatengeneza kurasa, anasajili kikoa. Anakisajili kwa barua pepe yake, kwa namba yake ya simu, na neno la siri analijua yeye peke yake. Mwaka unaisha, ada ya kikoa inadaiwa, kijana amehamia Mwanza na laini yake haipatikani. Kwa mujibu wa kumbukumbu za msajili, mwenye jina la duka lako ni yeye.

Sasa fikiria barua ya mawakili imetumwa. Itakwenda kwenye barua pepe ya huyo kijana, na siku za kujibu zitahesabika bila wewe kujua. Kwa hiyo leo hii mwombe fundi wako akuonyeshe kikoa kimeandikishwa kwa jina la nani. Kama ni lake, kihamishwe. Ankara na risiti ziwe na jina lako, na neno la siri uwe nalo wewe.

Chukua .co.tz kwanza. Vikoa vya .tz vinasimamiwa hapa nyumbani, chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa hiyo ukipata tatizo utashughulika na ofisi iliyo ndani ya nchi. Kuna sababu nyingine pia: Desemba 2016, Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alipofikishwa Mahakama ya Kisutu, moja ya mashitaka lilihusu kutumia kikoa kisichosajiliwa Tanzania. Ukiwa na uwezo, chukua na .com ya jina hilo hilo kabla hajaichukua mwingine.

Hatua ya 3: Usitupe karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na jina ni mali. Pita kwenye meza za asali sokoni uone. Asali imejazwa kwenye chupa zilizowahi kuwa za maji au za soda, na ile ya nyuki wadogo imetengwa kwenye vichupa kwa bei ya juu. Chupa chache zina lebo. Lebo zimechapwa steshenari, zimebandikwa kwa selotepu, na mwenye nazo hakumbuki alianza kuzitumia mwaka gani. Ile ya kwanza kabisa, iliyokosewa rangi, aliitupa zamani. Lebo hiyo ndiyo ingekuwa shahidi wake.

Ukigombewa jina, swali la kwanza litakuwa: ulianza lini kulitumia, na una uthibitisho gani? Kwa hiyo tunza lebo ya kwanza. Tunza leseni ya biashara ya kila mwaka, cheti cha TIN, risiti za EFD, picha ya kibao chenye tarehe, na hata daftari la wakopaji lenye jina la duka juu. Weka nakala kwenye simu na nyingine nyumbani kwa ndugu.

Kisha nenda BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Hapa wengi hujikwaa: kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni mambo mawili, na yana sheria mbili. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo. Alama, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine. Usajili wa alama hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ukiwa na cheti cha kwanza tu, una ushahidi. Ukiwa na vyote viwili, una ushahidi na silaha.

Hatua ya 4: Usiuze matairi kwenye tovuti ya asali

Ukishapata wageni wengi kwenye tovuti, utashawishiwa uweke matangazo. Chunguza kwanza ni matangazo ya nini. Uzi Nissan alikuwa na haki ya jina lake, lakini mwaka 1999 nissan.com iliweka matangazo yaliyohusu magari. Mahakama ya Rufani ya Marekani ilipotoa uamuzi mwaka 2004, sehemu iliyomgeukia ni hiyo. Matangazo ya magari yalionekana kunufaika na umaarufu wa kampuni ya Kijapani, ila yale yasiyo ya magari hayakuhesabiwa hivyo. Mahakama hiyo hiyo ilifuta zuio lililomkataza kuweka kwenye tovuti maneno ya kuilaumu kampuni. Kwa hiyo alibaki na haki ya kumlaumu jitu, ila si haki ya kuchuma kwenye shamba la jitu.

Wewe nawe kaa kwenye shamba lako. Kama jina la ukoo wako linafanana na la kiwanda cha sabuni, uza asali, tangaza asali, na sabuni uiache ipite.

Hatua ya 5: Barua ikifika, kula kwanza

Barua ya namna hii ina sura yake. Juu kuna kichwa cha ofisi ya mawakili, chini yake namba za usajili mstari baada ya mstari, neno "mara moja" limerudiwa kila aya, na mwishoni umepewa siku saba au kumi za kutii. Kiingereza chake ni kigumu makusudi. Usijibu siku hiyo. Kula, lala, kesho yake isome tena ukiwa na mtu mwingine.

Kwanza hakikisha ni ya kweli. Kuna matapeli wanaotuma barua pepe wakidai kwamba kampuni fulani ya China inataka kusajili jina lako, ulipe haraka ulinusuru. Hao usiwajibu kabisa. Kisha tambua kwamba barua ya madai si hati ya mahakama. Tarehe iliyomo imepangwa na mwandishi wake, wala kupita kwake hakukufanyi kuwa na hatia.

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, hapa Tabora, ililijua jambo hili. Ilipofika Ugogo ilidaiwa hongo, ushuru wa kupita, uliolipwa kwa merikani, kaniki, shanga na nyaya. Watemi wa Ugogo walikuwa na hoja, maana nchi ni kavu na visima vilikuwa vyao. Lakini kiasi kilijadiliwa, mara nyingine kwa siku kadhaa, na aliyeonyesha haraka alilipa zaidi. Barua ya mawakili ni hongo inayodaiwa, na wewe una haki ya kuuliza kisima kiko wapi. Alama yenu imesajiliwa nchi gani? Kwa bidhaa zipi? Tangu lini?

Maswali hayo yana uzito wa kisheria. Alama ya biashara hulindwa nchi kwa nchi, na kwa kawaida kwa aina ya bidhaa. Orodha ya kimataifa ina makundi 45: asali ipo kundi la 30, magari kundi la 12. Alama zenye umaarufu mkubwa hupewa ulinzi mpana zaidi, lakini hata hizo lazima zithibitishe madai. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Mpishe barabarani. Kwenye jina, mwombe kwanza hati.

Hatua ya 6: Usitaje bei

Mike Rowe alikuwa na miaka 17, mwanafunzi wa sekondari huko Victoria, Kanada. Alikuwa akitengeneza tovuti kama kibarua, na Agosti 2003 akasajili MikeRoweSoft.com, kwa kuwa jina lake likitamkwa haraka pamoja na neno "soft" linasikika kama Microsoft, na hilo lilimchekesha. Microsoft haikucheka. Mawakili wake walimtaka aachie kikoa, wakajitolea kumlipa dola 10, ambayo ni gharama aliyolipia usajili. Kijana akaona amedharauliwa, akataka dola 10,000. Januari 2004 akapata barua ya kurasa 25 ikimshutumu kwamba alisajili jina kwa nia mbaya ili aliuze kwa bei kubwa.

Hasira yake ilikuwa ya haki, lakini kiasi alichokiandika kikageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Katika sheria za vikoa, kusajili jina ili umlangue mwenye alama ni dalili ya nia mbaya. Kwa hiyo wakikuuliza unataka shilingi ngapi, usijibu. Andika mistari miwili: hili ni jina la biashara yangu, ninalitumia tangu mwaka fulani, siliuzi. Kama kweli unataka kuliuza, mazungumzo hayo yafanywe na wakili wako.

Hatua ya 7: Jibu ndani ya siku 20

Kampuni nyingi hazianzii mahakamani. Zinatumia utaratibu wa usuluhishi uliopitishwa na ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, mwaka 1999. Msuluhishi mkubwa ni WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, lenye makao Geneva, ambalo mwaka 2023 lilipokea malalamiko zaidi ya 6,000. Vikoa vya .tz navyo vimo katika orodha ya vile ambavyo WIPO hushughulikia.

Jifunze utaratibu huu kabla haujakufikia. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu, yote kwa pamoja: kwamba kikoa kinafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, kwamba wewe huna haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya. Likianguka moja, dai lote limeanguka. Wewe unaweza kuonyesha kwamba ulikuwa unafanya biashara ya kweli kwa jina hilo kabla ya kupata taarifa ya mgogoro, au kwamba watu wanakujua kwa jina hilo hata kama hujasajili alama. Hapo ndipo lebo ya kwanza, leseni na kibao vinaposema kwa niaba yako.

Una siku 20 za kujibu, na ukiomba unaongezewa 4. Msuluhishi akiwa mmoja, ada ya dola 1,500 hulipwa na mlalamikaji. Wewe hulipi kitu kuwasilisha majibu, nayo hutumwa kwa barua pepe. Kwa hiyo mtu wa Tabora hahitaji kupanda treni kwenda popote. Kinachowaangusha wengi ni kukaa kimya. Uamuzi hutolewa hata kama hukujibu, na ukimya husomwa kama kukosa la kusema. Ukishindwa, una siku 10 za kazi za kufungua shauri mahakamani kabla kikoa hakijahamishwa.

Katika majibu yako omba jambo moja zaidi. Kanuni za utaratibu huo zinamruhusu msuluhishi kutamka kwamba mlalamikaji alitumia vibaya utaratibu ili kumnyang'anya mwenye kikoa mali yake. Omba litamkwe, liandikwe, lisomwe na kila mtu.

Hatua ya 8: Uwe na njia ya kusini

Mwaka 1871 mtemi Mirambo aliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Msafiri wa Kizungu, Stanley, aliyekuwa anakaa kwenye tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho, alijiunga na Waarabu kumshambulia, wakashindwa vibaya. Baadaye akazunguka kusini, na Novemba akafika Ujiji. Wafanyabiashara waliokuwa na njia moja tu walikaa Tabora wakingoja.

Biashara yako isitegemee mlango mmoja. Andika namba za wateja kwenye daftari. Uwe na kikoa cha pili chenye jina refu zaidi, labda lenye jina la mji. Chapa namba ya simu kwenye kila lebo. Wakati shauri linaendelea, asali iendelee kuuzwa, kwa sababu kampuni kubwa inaweza kungoja miaka minane na wewe huwezi kungoja wiki nane.

Hatua ya 9: Piga kelele, tena mkiwa wengi

Habari za Mike Rowe zilipoenea, watu wengi walimuunga mkono na Microsoft ikakiri kwamba ililichukulia jambo hilo kwa uzito kupita kiasi. Yeye aliachia kikoa kwa makubaliano, akalipwa gharama zake na kupewa Xbox. Kule Kuala Lumpur, mkahawa wa McCurry ulishitakiwa na McDonald's mwaka 2001, ukashindwa mwaka 2006, ukakata rufaa, na mwaka 2009 ukashinda hadi mahakama ya juu kabisa ya Malaysia.

Sisi wasema Kiswahili tunayo yetu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kumiliki "kikoy" kama alama yake. Wafanyabiashara wa Kenya na watetezi wao waliweka pingamizi pamoja, na maombi hayo hayakufika mwisho. "Hakuna matata" haikupata watetezi mapema: Disney iliomba usajili Marekani mwaka 1994 na kuupata mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Malalamiko yenye saini zaidi ya 100,000 yalikuja mwaka 2018, miaka 15 baada ya cheti kutoka. Pingamizi lina muda wake, na umoja una maana ukifika ndani ya muda huo. Wauza asali wa Tabora, Sikonge na Urambo waunde chama, wachange, wamwajiri wakili mmoja, wasajili alama yao ya pamoja kabla mtu wa mbali hajafanya hivyo.

Hatua ya mwisho, kwa mwanasheria wa kampuni kubwa

Nawe umesoma mpaka hapa, na una hatua yako. Kabla hujaandika barua, tafuta namba ya simu ya mwenye duka. Ipo kwenye tovuti yake. Mpigie, msalimie, muulize anauza nini na jina amelitoa wapi. Dakika kumi zitakuonyesha kama unazungumza na tapeli au na mtu anayesomesha watoto kwa jina hilo. Kama ni tapeli, mshitaki, nasi tutakushangilia.

Kama si tapeli, muache. Uzi Nissan alibaki na jina, lakini shauri lilimla mamilioni ya dola, na hakuna aliyemrudishia miaka yake. Katika usuluhishi wa vikoa, kampuni ikitamkwa kuwa imetumia vibaya utaratibu, hailipi faini yoyote wala fidia kwa aliyesumbuliwa. Hilo lazima libadilike, na linaweza kuanzia hapa: .tz ni yetu, na kanuni zake tunaweza kuziomba zibadilishwe. Zitamke kwamba anayemburuza mwenye duka bila sababu atamlipa gharama zake zote, kwa shilingi, ndani ya siku 20 zile zile ambazo mwenye duka alipewa za kujibu.